Maiti ya Kunduchi na maji ya bamvua

Hadithi yangu ya upelelezi niliyokuwa nikiituma WhatsApp imekwisha wiki iliyopita, muuaji keshapelekwa mahakamani, kwa hiyo sasa naweza kuandika jinsi ilivyofanyika bila kumharibia mtu utamu.

Hadithi za upelelezi husomwa haraka, na ndiyo maana wengi hudhani zinaandikwa haraka. Mimi huamka kabla ya adhana ya alfajiri na kuandika kwenye simu, kwa kidole, nimekaa jikoni ili nisiwaamshe watoto. Kukipambazuka naingia kwenye daladala ya Gongo la Mboto kwenda Buguruni, ambako kutwa nzima naandika risiti za nondo, saruji na misumari. Usiku nasoma upya nilichoandika, nakata, nabandika, ndipo sehemu ya siku hiyo inakwenda kwenye magrupu ya WhatsApp. Sehemu za mwanzo ni bure. Mbele ya hapo msomaji anatuma pesa kwa simu na kuingizwa kwenye grupu la wanaolipia. Nikichelewa kidogo tu, meseji zinamiminika: dada, tuna arosto, shusha mzigo.

Nikichoka humkumbuka marehemu Muhammed Said Abdulla, aliyetupa Bwana Msa. Alikuwa mkaguzi wa afya huko Zanzibar kabla ya kuingia kwenye magazeti, na riwaya yake ya kwanza ilipochapishwa mwaka 1960 yeye alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Mpelelezi wa kwanza kupendwa hivyo katika Kiswahili aliandikwa na mtu mwenye kazi yake nyingine ya kutwa. Hilo hunitia nguvu sana.

Kwenye hadithi hii maiti imeokotwa ufukweni Kunduchi. Ni mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha. Mpwa wake anawaambia polisi kwamba usiku ule, saa nne, walisukuma ngalawa pamoja, mjomba akapanda akiwa mzima, akaenda zake kuvua. Nilitaka uongo wake uwe wa aina ambayo mtu yeyote wa pwani angeweza kuunasa kwa akili yake mwenyewe, bila mpelelezi kuja mwishoni na ushahidi aliokuwa ameuficha mfukoni. Hapo ndipo mimi huwa mkali. Msomaji aliyelipa elfu mbili yake ana haki ya kuona kila ninachokiona. Akishindwa kumjua muuaji, iwe ni kwa sababu hakutazama, isiwe kwa sababu nilimnyima.

Basi Jumapili nikaenda soko la samaki Feri. Nikamkuta mzee mmoja anaparua changu, magamba yamemrukia hadi kwenye ndevu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka samaki gani?"

"Leo sitaki samaki, mzee wangu. Nataka kujua maji."

Nikamuuliza kama ngalawa inaweza kusukumwa Kunduchi saa nne usiku. Hakunijibu. Aliuliza kwanza: "Siku hiyo mwezi ulikuwaje?" Nikamwambia mpevu. Akatikisa kichwa. Mwezi mpevu ni bamvua, maji kujaa sana na kupwa sana, akasema, na mwezi mchanga vilevile. Bamvua huku kwetu maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne yamekupwa hadi mbali huko, asubuhi na usiku. Ngalawa utaiburuza kwenye mchanga na matope hadi kiuno kikukatike. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ndiyo hadithi nyingine, saa zinageuka, kwa sababu kila siku maji huchelewa karibu saa nzima kuliko jana yake. Kisha akaweka kisu chini akaniangalia kwa huruma. "Umepotelewa na mtu baharini?" Nilipomwambia ni hadithi tu, akataka kujua mpwa huyo anarithi nini.

Nikarudi nyumbani nikauweka mwezi kwenye sehemu ya tatu. Sikuuweka ufukweni, ungeonekana mno. Niliuweka uani kwa Mama Zuhura, jirani wa marehemu: watoto wanacheza kombolela usiku, yeye anawaita waingie ndani walale, nao wanalalamika kwamba bado kweupe, mwezi umejaa. Mistari michache, halafu ugomvi wa kodi ya nyumba unaanza na kila mtu anaufuata ugomvi. Mistari hiyo ilinila alfajiri kadhaa. Ikiwa mifupi mno haionekani kabisa; ikizidi neno moja tu, inapiga kelele.

Kuna mengine yanayotubana sisi wa siku hizi. Tangu mwaka 2019 laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, kwa hiyo yule mtu wa kupiga simu ya vitisho na kukata hajifichi kirahisi kama zamani. Shujaa wangu akikatwa panga, hospitali wataulizia PF3, ile fomu ya majeruhi, na PF3 inatoka polisi. Kama anawakwepa polisi, lazima nimtafutie muuguzi wa mtaani na sababu ya muuguzi huyo kunyamaza. Navipenda vikwazo hivi. Kila mlango unaofungwa unanilazimisha nimjue zaidi mtu ninayemwandika.

Kinachoniuma ni kimoja. Kuna wanaokusanya sehemu zote, wanazifanya PDF na kuziuza kwa bei ya chini yangu. Ile ni ada ya shule ya watoto wangu, nasema wazi, na nawaomba mkiuziwa mkatae.

Sasa nirudi kwenye mwezi. Tulipofika sehemu ya nane, wakati grupu zima linamshuku mpangaji, akaniandikia msomaji mmoja wa kisiwa cha Mafia, nje ya grupu: "Dada, huyu mpwa muongo. Watoto walikuwa wanacheza mbalamwezi. Saa nne hapakuwa na maji." Niliruka jikoni peke yangu kwa furaha. Nikamsihi anitunzie siri, akakubali, na kila nilipotuma sehemu mpya alikuwa ananiandikia neno moja, "nimenyamaza", hadi mpwa alipokamatwa.

Hadithi inayofuata nimeamua iende kwao. Nimeshaanza kumsumbua kwa maswali ya boti za kutoka Nyamisati hadi Kilindoni: abiria huandikishwa majina wapi, mizigo hukaguliwa na nani, na mtu akipanda kwa jina la mwingine, ni nani wa kwanza kumtambua gatini.