Kengele ya Sajenti, na jinsi wodi nzima ilivyoitengeneza

Usiku ule nilikuwa kwenye raundi ya saa tisa, ile ya kugeuza wagonjwa, nikaingia chumba cha Sajenti nikakuta uso umemwiva mwekundu, jasho linamtiririka kwenye paji la uso mpaka shingoni, ila kuanzia kifuani kwenda chini ni mkavu na wa baridi kabisa. Akaniambia neno moja tu, kichwa. Nikamwita dada mmoja wa Kenya ambaye ndiye alikuwa nesi wa zamu, tukanyanyua kitanda akakaa wima, tukalegeza nguo, presha ikaja 196 juu, na huyu ni mtu ambaye presha yake ya siku zote ni 100 kwa 60. Dada akaushika mpira wa mkojo akaufuata kwa vidole toka mwanzo mpaka mwisho, akakuta umekunjika chini ya paja. Alipounyoosha tu mkojo ukamwagika kwenye mfuko kama mtu kafungulia bomba, na presha nayo ikaanza kushuka.

Mi nafanya kazi ya nesi msaidizi huku Marekani, hospitali ya VA, yaani zile za serikali za wanajeshi wastaafu, wodi ya walioumia uti wa mgongo. VA ina vituo 25 vya namna hii nchi nzima na changu ni kimojawapo. Sajenti ni cheo chake cha jeshini na ndivyo anavyopenda kuitwa, jina lake naliacha. Ameumia shingoni, pingili ya nne, anageuza kichwa, anapandisha mabega kidogo, basi. Kwa wasiojua, mtu aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kibofu kikijaa au kitu kikimbana huko chini, mwili unashtuka lakini ubongo hauwezi kuutuliza kwa sababu njia imekatika, mishipa inajibana, presha inapaa, na asipohudumiwa haraka anaweza kupata kiharusi pale pale kitandani. Kwa hiyo kwa watu hawa kengele ya kuita nesi ni sawa na dawa.

Alipotulia nikamuuliza, Sajenti, mbona hukupiga kengele? Hakujibu, akageuza macho tu kuangalia mto. Kile kibao cha kengele, kile bapa laini ambacho mgonjwa anakibonyeza kwa shavu, kilikuwa kimeteleza kimeingia katikati ya mto na reli ya kitanda. Alikuwa anakitafuta kwa shavu muda wote ule. Na mimi ndiye niliyemgeuza saa saba, mimi ndiye niliyekiweka pale. Nilirudi nyumbani asubuhi sikulala.

Wiki ile nikaanza kuhangaika peke yangu. Nikajaribu plasta, ikabanduka. Nikajaribu kukibana na pini kwenye foronya, kikageuka na mto. Nikaweka taulo iliyokunjwa nyuma yake, kidogo afadhali, ila kila mtu wa zamu alikuwa anaikunja kivyake. Dada wa Kenya akaniambia, "Kaka, wewe unatibu mto, na shida iko kwa kitanda. Ngoja uongee na OT." OT ndiyo tunavyowaita wale wataalamu wa tiba kwa vitendo, wanaomfundisha mtu kula, kuandika, kuendesha kiti na kile alichobakiwa nacho mwilini.

Sasa hapo ndipo nilipogundua kitu kilichoniuma sana. Yule OT wa wodi yetu nilikuwa simjui. Miaka mitatu tunamhudumia mtu mmoja, yeye anaingia saa mbili asubuhi na mimi natoka saa moja, hatukutani kabisa. Nilimwomba msimamizi nibaki siku moja baada ya zamu, akakubali, nikamsubiri. Yule mama akanisikiliza vizuri sana akaniambia kibao alikipanga yeye mwenyewe na kilifanya kazi. Na ni kweli, mchana Sajenti amelala chali, kichwa katikati, kibao kiko shavuni, kila kitu sawa. Hajawahi kumwona amelala ubavu wa kushoto saa nane usiku na mito mitatu mgongoni. Sisi tunageuza kila baada ya saa mbili, utaratibu ambao ulisisitizwa sana na daktari Ludwig Guttmann kule Stoke Mandeville, Uingereza, wakati wa vita, alipofungua wodi yake ya majeruhi wa uti wa mgongo mwaka 1944, na wanasema alikuwa anakuja mwenyewe usiku kuhakikisha wamegeuzwa. Geuza geuza hiyo imeokoa ngozi za watu wengi sana, ila ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inampokonya Sajenti kengele yake mara sita kwa usiku.

Nikamchorea. Amelala chali, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, kichwa kiko wapi, mkono wangu uko wapi ninapomgeuza. Akaniangalia akasema hii picha sijawahi kuwa nayo.

Yeye ndiye aliyeleta wazo la swichi kwenye mkono wa chuma unaopindika, kama shingo ya taa ya mezani, unaning'inia karibu na shavu bila kugusa mto. Vitu hivyo vipo madukani. Tukaufunga, siku ya kwanza raha tupu, usiku wa pili nikakuta umepindwa uko juu ya kichwa cha Sajenti kama antena. Mtu kausogeza ili amsafishe uso, kausahau. Na hata asingeusahau, kuurudisha pale pale panapotakiwa kunahitaji kujaribu jaribu, dakika tano, na usiku tuko wachache, kengele nyingine zinalia, dakika tano hakuna.

Hapo nikamkumbuka fundi baiskeli wa kwetu Muheza. Baba alikuwa na Phoenix, na sisi watoto tulikuwa tunashusha siti ili tufikie pedeli, akirudi analalamika haijui tena ilikuwa wapi, mpaka fundi alipochukua msumari akakwaruza mstari kwenye bomba la siti. Toka siku ile tukimaliza kuendesha tunapandisha mpaka mstarini tunakaza, na baba hakujua kama tumeigusa. Nikamwambia yule mama, tatizo letu ni mstari. Mkono uwe na sehemu yake moja tu ya kukaa, mtu akiutoa akiurudisha uingie pale pale hata kama ana usingizi, hata kama ni nesi wa kuazimwa toka wodi nyingine hajawahi kumwona Sajenti.

Hospitali yetu ina printa ya 3D, ile inayojenga vitu vya plastiki tabaka kwa tabaka, na VA yenyewe inapenda mambo haya, kuna mpango unaitwa Spark-Seed-Spread unaowapa wafanyakazi wa kawaida hela ya kujaribu mawazo yao, na mwaka 2015 hospitali ya VA ya Richmond, Virginia, iliwaweka pamoja maveterani na mainjinia na mafundi kutengeneza vifaa hapo hapo. Kule Pittsburgh kuna Rory Cooper, mwanajeshi aliyeumia uti wa mgongo mwaka 1980 akiendesha baiskeli huko Ujerumani alikokuwa kazini, akasoma uinjinia, akaanzisha maabara ya viti vya magurudumu ambayo dunia nzima inaijua. Nayasema haya kwa sababu kabla ya hapo nilidhani ubunifu ni wa watu wenye koti jeupe, mimi wa kubadilisha mashuka nitaanzia wapi.

Basi injinia kijana akatuprintia kipande cha kwanza, tundu la kufunga kwenye reli lenye pengo pembeni, na kwenye mkono kuna jino linaloingia kwenye lile pengo. Ukikosea upande haliingii. Yale maungio ya shingo tukayakaza kabisa yasipindike tena. Na tukafunga matundu mawili, kulia na kushoto, ukimgeuza mgonjwa unahamisha mkono, klik, umemaliza. Tukayafunga kwenye reli za juu zile zinazopanda pamoja na kichwa cha kitanda, maana tungefunga kwenye fremu ya chini, kitanda kikinyanyuliwa shavu linakwenda zake na swichi inabaki.

Nikaomba tukutane wote, na nikaomba iwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kitandani kwa Sajenti, dakika ishirini, ili wa usiku tuwe hatujatoka na wa mchana waje mapema siku hiyo moja. Msimamizi akabisha kidogo halafu akakubali. Nakumbuka kila aliyesimama pale.

Injinia wa vifaa tiba akachomoa waya akatuonyesha. Swichi hizi za walemavu zina pini ndogo ya milimita 3.5, kama ya spika za masikioni, na tundu la kengele ukutani kwetu ni lile kubwa, kwa hiyo lazima kiunganishi, na kiunganishi ni sehemu nyingine ya kuchomoka. Ukichomoa ukutani mfumo unapiga kelele wenyewe, lakini ile pini ndogo ikichomoka kwenye kiunganishi mfumo haujui, kimya. Nilihisi baridi. Tungekuwa tumetengeneza kengele nzuri inayokufa bila kuaga. Akakifunika kiunganishi na kifuniko cha kuskrubu akasema hata hivyo kila anayeingia zamu lazima aibonyeze asikie inalia.

Nesi wa kuzuia maambukizi akapitisha kucha kwenye kile kipande, krrr, akasema hii mistari ya printa uchafu utakaa humu. Tena ile plastiki ya kwanza ilikuwa PLA ambayo ikipata joto la nyuzi 60 hivi inaanza kulainika. Tukabadilisha plastiki, tukasugua na msasa, tukapaka kitu cha kuziba, na kona zote zikawa za mviringo ili kitambaa cha dawa kipite.

Halafu mama anayefanya usafi, amekaa pembeni na toroli lake maana alikuwa anasubiri tumalize apige deki, hakuna aliyemwalika. Akauliza, hicho cheupe nacho mtakipata wapi? Tukamwangalia. Akasema Sajenti akienda kuoga tunang'oa mashuka yote, kitu cheupe juu ya shuka jeupe kinaishia kwenye mfuko wa kufulia, mwezi uliopita nimetoa meno ya bandia humo mara mbili. Jamani. Kipande cha pili kikaprintiwa rangi ya chungwa na kamba yake ya kukifunga kwenye reli. Mpaka leo naamini bila yule mama mradi ungefia kwa dobi.

Mwisho OT akamuuliza Sajenti mwenyewe, na hili tulipaswa kulifanya mwanzo. Akasema mawili. La kwanza, msiniwekee mbele ya mdomo, mke wangu akija nataka kumwona vizuri. La pili, plastiki inaniumiza shavu. Shavu ndiyo ngozi anayoihisi, na sisi tulikuwa tunahofia matako na visigino tu. Tukachukua swichi nyepesi zaidi inayokubali hata kuguswa kidogo, tukaivika sponji inayofutika.

Ilichukua kama miezi miwili na nusu toka ule usiku. Kubwa lililobadilika kwenye karatasi ya kukabidhiana zamu ni mstari mmoja, kengele imebonyezwa na imelia, saini ya anayetoka na anayeingia. Watu walinuna wiki ya kwanza, kazi nyingine tena, mpaka siku moja wakati wa kukabidhiana ikabonyezwa haikulia, wakakuta waya umebanwa na reli. Toka hapo sikusikia mtu ananuna.

Na ule usiku niliokuwa nauogopa ukaja, saa tisa kasoro, niko chumba cha tatu namgeuza mtu mwingine, taa ya Sajenti ikawaka. Nikakimbia. "Naona kichwa kinaanza," akaniambia, uso bado haujaiva, presha 138. Mpira wa mkojo ulikuwa na uchafu umeziba, dada akaubadilisha. Dakika kumi hatukuwa na dharura tena, akaomba maji, nikamshikia kikombe, mikono yangu ndiyo iliyokuwa inatetemeka.

Sasa hivi Sajenti kaleta jambo lingine. Mjukuu wake anacheza michezo ya kompyuta, na ile Xbox Adaptive Controller, kifaa cha kuchezea kilichotengenezwa kwa ajili ya walemavu, ambayo mwaka 2019 Microsoft iliipeleka kwenye vituo 22 vya VA, nyuma ina matundu ya pini ile ile ya milimita 3.5. Kwa hiyo mkono wetu unafaa. Injinia kakataa katakata swichi moja kufanya kazi mbili, na ana haki. Tumeprinti mkono wa pili, wakati wa kucheza waya wa bluu wa mchezo unakaa kushoto, wa chungwa wa kengele unakaa kulia na hauondolewi, na jino la bluu tumelipa umbo tofauti haliingii kwenye tundu la chungwa hata ulisukume. Jumamosi mjukuu anakuja.