Nilivyopanda Cortina kuona mji uliokuwa ukijiandaa na Olimpiki ya theluji

Mie ni mtu wa Malindi na kwetu Kiitaliano tunakisikia tangu utotoni, sokoni, ufuoni, mahotelini, mpaka vijana wa kuuza vinyago wanakutajia bei kwa Kiitaliano. Wale wazee wa Kiitaliano waliohamia kwetu wakianza kuhadithia milima yao hawamalizi, na jina la Cortina, mji wa milimani kaskazini mwa Italia, nililishika kwao. Kwa hiyo mwezi wa kumi 2025 nilipoenda Padova kwa dadangu nikamwambia dada, mie lazima nipande Cortina kabla ya Olimpiki ya Februari 2026, nataka niuone mji chakula kikiwa bado jikoni.

Kitu cha kwanza, treni haifiki! Reli ilikuwepo ikafungwa 1964, njia yake sasa ni ya baiskeli na stesheni ya zamani ndo stendi ya mabasi. Basi kutoka Mestre, pale karibu na Venisi, ni masaa mawili na ushee. Tulipofika Longarone mama mmoja mzee niliyekaa naye akanigusa mkono akanionyesha juu kule bondeni, bwawa la Vajont, mwaka 1963 ubavu wa mlima uliporomoka ndani ya bwawa maji yakaruka ukuta yakashukia vijiji, karibu watu 2,000 usiku mmoja. Nikampa pole. Hakusema kitu, aliendelea tu kutazama dirishani mpaka tukapita.

Kutoka hapo ni barabara inachimbwa, malori, taa za kusimamisha magari, foleni. Halafu mlima unafunguka na Cortina hiyo hapo, mita 1,200 na kitu juu ya bahari, mji mdogo jamani, wakazi hawafiki hata 6,000, na kreni zimesimama kila upande hadi mnara wa kanisa ukawa unashindana nazo. Nilijiuliza hawa watu wachache ndo watapokea dunia? Kweli michezo ilikuwa imegawanywa, hoki na kuteleza kwa mitindo ni Milano, wanaume wa skii ya kuteremka mlima ni Bormio, lakini Cortina ilibeba skii ya kuteremka ya wanawake, kalingi, ule mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu, na magari ya barafu, yale yanayoteremka kwa kasi kwenye mfereji wa barafu, na hilo la mwisho ndilo lililonikaa moyoni.

Maana kwa ajili ya njia ya magari ya barafu walikata mamia ya miti. Ni miti jamii ya misonobari ila yenyewe vuli inageuka rangi ya dhahabu kabla haijapukutisha, na mie nilifika wakati huo huo wa dhahabu, kwa hiyo ukitazama mlimani unaiona iliyobaki inawaka na katikati pana mkanda wa saruji unajipinda. Ile njia ya zamani ilifungwa 2008. Kamati ya kimataifa ya Olimpiki yenyewe ilishauri watumie njia iliyopo nchi jirani, wao wakakataa, wakaanza kujenga Februari 2024 na Machi 2025 magari ya kwanza yakateremka. Kwa kazi naheshimu, mwaka mmoja tu! Kwa miti bado inaniuma na sitaficha, kwetu tumeona mikoko inavyokatwa siku moja na kurudi inachukua umri wa mtu.

Njia yenyewe inaitwa Eugenio Monti, jina la dereva Mwitaliano wa magari hayo, na huyu bwana nampenda. Mwaka 1964 kwenye Olimpiki ya Innsbruck gari la Waingereza lilivunjika boliti, Monti mshindani wao akachomoa boliti kwenye gari lake akawapa, wakachukua dhahabu wao. Yeye akaipata yake 1968, tena mbili, ashakuwa na miaka 40.

Nikashuka uwanja wa barafu uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1956 hapo hapo Cortina, mafundi wanaingia na kutoka kwa hiyo ndani sikupata. Ni hapo Guido Caroli aliyeleta mwenge akiteleza alijikwaa kwenye waya akaanguka mbele ya umati, akainuka, moto haukuzimika. Nilisimama nje pale muda mrefu.

Jioni nikatazama milima ya Tofane, kule wanawake walikopangiwa kuteremka kwa skii. Kuna sehemu wanapita katikati ya kuta mbili za mwamba, mteremko mkali mpaka mtu wa pwani unashika kitu hata ukiwa chini. Nikamkumbuka Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi yetu, aliyeteremka kwa bendera ya Kenya Pyeongchang 2018 akiwa na miaka 19, miaka 20 baada ya Philip Boit, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya theluji, kuifungua njia kule Nagano. Nikampigia mama kwa video, nikamhadithia habari za Sabrina, nikamgeuzia simu milima ikiwa inaiva pinki, maana jua likizama miamba ile inabadilika rangi kabisa.

Mama akauliza, theluji iko wapi mwanangu mbona naona majani? Nikamwambia bado, wanangoja baridi kali mashine ziitengeneze. Akanyamaza anatazama. Halafu akauliza, na huyo binti wa Kilifi ndo anateremka vitu kama hivyo?

Ndio mama, tena kwa mwendo kuliko hili basi litakalonishusha.

Akasema, ee Mola, mlinde mtoto wa watu.