Mgongo wa nesi na kimo cha kitanda

Kiuno hakijaniuma leo, na zamu ya asubuhi ilikuwa nzito. Nashukuru mpini wa kitanda. Vitanda vya wodi yetu vimetengenezwa ili vipandishwe na kushushwa kwa kuzungusha mpini, ila mipini mingine ilishapotea na mingine imekaza kwa kutu, hivyo tumezoea kuwainamia wagonjwa, kuanzia kutafuta mshipa wa dripu hadi kubadilisha shuka. Wiki hii fundi amepaka grisi na kuchonga mipini mipya.

Tuna mzee mwenye kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu. Anageuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgandamizo. Nilizungusha mpini mpaka godoro likafika usawa wa kiuno changu. Mimi na mwenzangu tukapitisha shuka lililokunjwa chini yake, kuanzia mabegani hadi mapajani, kila mmoja akaviringisha ukingo karibu kabisa na mwili wa mzee.

"Tayari, baba?"

"Tayari, mwanangu."

Tukahesabu hadi tatu, tukahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Mikono ilishika tu. Kazi ilifanywa na miguu. Mzee hakuguna hata kidogo.

Chuoni tulifundishwa kupinda magoti na kunyoosha mgongo. Ni sahihi, lakini magoti hayawezi kufidia kitanda kilicho chini. Mwaka 2007 Thomas Waters, mtafiti wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, alipendekeza nesi asinyanyue zaidi ya kilo 16 hivi za mgonjwa kwa mikono, tena hali ikiwa nzuri. Kwa mtu mnene, mguu mmoja tu unafika hapo! Wenzangu wengi wananunua mikanda ya kiuno kwa hela zao. Nawaonea huruma, maana NIOSH hao hao walisema tangu 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa inamkinga mtu asiumie.

Kinachonisumbua sasa ni usiku, nesi anapobaki peke yake na wodi nzima. Nitamwomba sista wetu kiongozi wagonjwa wa kugeuzwa na watu wawili waandikwe kwenye ripoti ya kukabidhiana zamu, na saa zao, ili mhudumu wa wodi ya jirani ajue mapema ni saa ngapi anahitajika.