Godoro lenye nailoni

Leo hamali katua godoro jipya barazani, mama kaninunulia, bado na nailoni yake. Nimelishika tu nilivute ndani ile nailoni ikalia viganjani, basi nikaliacha pale pale nikakimbilia uani kutapika.

Sijawahi kumwambia mtu kuwa mie niliokolewa na godoro kama lile. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, tunarudi Pemba baada ya Idi, meli imejaa mpaka pa kuweka mguu hapana, ikazama mkondo wa Nungwi. Nilikuwa na miaka 13. Magodoro ya biashara za watu yakawa yanaelea, nikang'ang'ania moja, vidole vinateleza kwenye nailoni, mafuta yananuka mpaka kichwani, na upande wa pili kashika mama mdogo. Wavuvi waliponichukua asubuhi upande ule hapakuwa na mtu.

Kwetu Wete jina la ile meli halitajwi, wanasema "ule mwaka". Khitma ikasomwa, mama akanambia shukuru Mungu mwanangu, usiyakumbuke, nami nikatii maana aliyefiwa na mdogo wake ni yeye, ntamwambiaje kuwa alikuwa akiniita na mie sijibu kwa kuogopa kumeza maji? Julai 2012 ilipozama nyengine karibu na Chumbe alizima redio, akaendelea kuchambua mchele.

Simlaumu. Kwetu kunyamaza ni stara, ila stara hii ilinikaa kooni. Na ukisema usiku hulali wapo watakaokutajia Kidongo Chekundu kama tusi, wakati ile ni hospitali ya maradhi ya akili, watu wanatibiwa. Wengine nao wanataka uwahadithie yote, wamekaa kitako kama wanangoja paukwa pakawa, hao pia siwawezi.

Mama akanifata uani na kopo la maji. Una nini? Sikupanga, yakatoka tu: "Mama, siku ile mama mdogo aliniita, sikumjibu."

Akakaa chini kwenye mbuzi ya nazi. Hakuniambia nishukuru Mungu. Kakaa muda mrefu halafu kaniuliza, sauti chini kabisa, "Alikwita jina lako au lile la utotoni?"

La utotoni, mama.

Akatikisa kichwa, akaingia jikoni akatoka na kisu, akenda barazani akaichana ile nailoni yote, akaikunja akaikunja mpaka ikawa kidogo mkononi, akatoka nayo nje.

Usiku huu sijalilalia bado. Nimekaa ukingoni tu, mama yuko pembeni yangu, ananihadithia mdogo wake alivyokuwa mchanga.