Siku moja maishani mwangu: kutunza rekodi za mamlaka Kampala

Saa 2:00 asubuhi

Kwanza naangalia kama nakala rudufu ya usiku imekamilika. Hifadhidata yetu inatumiwa na maktaba kadhaa za vyuo kupitia Koha, programu ya kuendeshea maktaba, hivyo jina nikilirekebisha hapa Kampala, mkutubi wa Gulu au Mbarara analiona limebadilika kwake pia. Nakala ya usiku isipokuwepo, siku hiyo siunganishi rekodi yoyote, yaani sizifanyi rekodi mbili kuwa moja.

Kwa asiyeijua kazi hii: rekodi ya mamlaka haielezi kitabu, inaeleza jina. Rekodi imegawanyika katika sehemu zenye namba, ziitwazo nyuga. Uga wa 100 hubeba jina rasmi la mtu. Kwa taasisi ni 110, kwa mahali ni 151. Namna nyingine ambazo jina hilo huandikwa huwekwa kwenye nyuga za 400, 410 au 451. Uga wa 670 hutaja ushahidi: umelipata jina hili wapi, ukurasa gani. Rekodi za vitabu hushikamana na rekodi ya mamlaka kwa namba inayokaa kwenye $9; alama ya $ huonyesha kipande kidogo ndani ya uga.

Saa 2:30

Napitia rekodi zilizoingia jana. Nyingi hazikuandikwa na mtu. Kuna mpangilio unaoiruhusu programu iunde rekodi ya mamlaka yenyewe kila isipopata jina linalolingana. Unaharakisha uingizaji wa vitabu, lakini ndio unaotujazia rekodi za kurudiarudia. Mtu akiandika "Prof." ndani ya $a, kipande cha jina lenyewe, akisahau koma baada ya jina la ukoo, au akibandika jina kutoka Word likiwa na ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka, rekodi mpya huundwa. Majina ya Kiacholi yanayoanza na p' huathirika sana na hilo la ritifaa, kwa sababu kwa macho alama zote mbili ni sawa, ila kwa kompyuta ni herufi tofauti.

Kwa Kiganda tatizo ni konsonanti mbili za mwanzo. Semakula na Ssemakula, Namutebi na Nnamutebi: mtu mmoja huandika hivi kwenye tasnifu na vile kwenye makala. Hapo nachagua namna anayoitumia zaidi yeye mwenyewe kwenye kazi zake, ile nyingine naiweka kwenye 400. Sisahihishi jina la mtu kwa kufuata kanuni za tahajia. Jina ni lake.

Saa 4:00

Huu ndio muda wa kazi nzito, nao nautetea dhidi ya mikutano: kuamua kama majina mawili yanayofanana ni mtu mmoja au wawili.

Uganda ina ugumu wake hapa. Majina mengi hutokana na mazingira ya kuzaliwa, hayarithiwi kutoka kwa baba. Wasswa na Kato ni mapacha wa kiume wa Kiganda, Babirye na Nakato wa kike. Kwa Waacholi na Walango, Okello ni mtoto anayewafuata mapacha. Ndiyo maana watu wasiojuana kabisa hubeba jina moja, na ndugu wa tumbo moja hubeba majina tofauti. Ongeza jina la dini, John au Sarah, na una watu kadhaa wanaofanana herufi kwa herufi.

Mpangilio wa majina nao husumbua. Majalada ya tasnifu mara nyingi hutanguliza jina la ukoo bila koma. "Nakato Sarah" halina shida. Lakini mtu akiwa na majina mawili ya asili, kama Mugisha na Tumusiime, jalada peke yake halitoshi. Nafungua ukurasa wa tamko, ambapo mwandishi hutia saini kwamba kazi ni yake, kisha naangalia jinsi anavyojitaja kwenye marejeo ya makala zake.

Ushahidi ninaoutafuta ni idara, chuo, fani, msimamizi wa tasnifu, namba ya ORCID (kitambulisho cha kimataifa cha watafiti), mwaka wa kuzaliwa ukiwa umechapishwa. Mtaalamu wa udongo na mwandishi wa sheria za ardhi wakibeba jina moja, siwaunganishi hata kama miaka inalingana. Nikikosa la kuwatofautisha, nafasi ya 32 ya uga wa 008 inapokea herufi b, yaani jina hili bado lina zaidi ya mtu mmoja ndani yake, na maelezo ya ndani, yasiyoonyeshwa kwa wasomaji, yanaingia kwenye uga wa 667. Rekodi mbili za mtu mmoja humchelewesha msomaji. Rekodi moja ya watu wawili humdanganya, na hilo kwangu ni kosa kubwa zaidi.

Tarehe kamili ya kuzaliwa siiweki, mwaka unatosha. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na katalogi inasomwa na yeyote mwenye intaneti.

Saa 7:00 mchana

Matoke na mchuzi wa karanga.

Saa 8:00

Taasisi. Mtu akibadili jina, rekodi hubaki moja. Taasisi ikibadili jina, tunafungua rekodi mpya, ya zamani inabaki, na kila moja inaitaja mwenzake kwenye uga wa 510. Makerere ndiyo mfano ninaowafundishia wageni. Ilianza 1922 kama shule ya ufundi, 1949 ikawa chuo kishiriki cha University of London, 1963 ikaingia University of East Africa, na 1970 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Ripoti ya 1965 inabaki chini ya Makerere University College. Rekodi ya Makerere University inapata 510 yenye $w a, kuonyesha jina lililotangulia, na ile ya zamani inapata $w b, kuonyesha jina lililofuata.

Kyambogo ni kinyume chake: taasisi tatu zilizoungana 2003. Hapo rekodi mpya inapata 510 tatu. Anayezifuta zile tatu za zamani "kusafisha" anapoteza machapisho yote ya kabla ya hapo.

Saa 9:30 alasiri

Kuunganisha. Kwanza napakua orodha ya vitabu vilivyoshikamana na rekodi inayoondoka, kwa sababu baada ya kuunganisha, $9 zote hubeba namba moja na hutajua tena kipi kilitoka wapi. Kisha nachagua rekodi ya kubaki, na kwenye ile nyingine natia alama ya kuchagua kwenye nyuga za 400 na 670 ili zihamie na zisipotee. Jina rasmi la rekodi inayoondoka haliingii lenyewe kwenye 400. Naliandika kwa mkono.

Kabla ya kubonyeza, nawaandikia wenzangu: "Dada zangu na kaka zangu, msiguse rekodi hizi hadi niseme." Wawili wakifungua rekodi moja, anayehifadhi mwisho hufuta kazi ya mwenzake. Jibu la leo kutoka Mbale: "Ndugu, subiri hiyo ya pili, nina tasnifu yenyewe mkononi, nakutumia picha ya ukurasa wa tamko." Nimesubiri.

Saa 11:00 jioni

Jina moja lina vitabu zaidi ya 50, kikomo ambacho Koha huja nacho. Likizidi hapo, rekodi za vitabu hazibadiliki papo hapo, zinangoja kazi ya usiku ya seva. Usipolijua hilo utadhani imeshindikana na utarudia. Naandika namba ya rekodi kwenye daftari la pamoja, pamoja na vitabu vitatu vya kukagua kesho asubuhi: cha zamani, kipya, na kimoja chenye waandishi wengi.