Tulipu zangu na miche inayosubiri Mei

Aprili ya huku Uholanzi haiaminiki. Mchana jua linawaka mpaka unavua koti, usiku sakitu inashuka na kuunguza kila jani laini. Ndiyo maana wakulima wa hapa hawathubutu kutoa miche ya nyanya nje mpaka zipite siku za Watakatifu wa Barafu, kuanzia tarehe 11 hadi 15 Mei, ambazo kwa desturi huhesabiwa kuwa mwisho wa sakitu. Miche yangu ya nyanya na mchicha ipo dirishani sebuleni, imeinamia kioo ikitafuta mwanga, na kila asubuhi nazigeuza trei ili isikue imepinda.

Nje, kwenye kiwanja chetu cha kukodi karibu na Leiden, ni habari nyingine. Maua ya krokasi yalishapita, ya daffodili yanaishia, sasa ni zamu ya tulipu. Ukilishika tunguu la tulipu msimu wa kupanda, Oktoba au Novemba, utashangaa lilivyo zito kwa udogo wake. Ganda la kahawia ni jembamba kama ngozi ya kitunguu maji na linabanduka kwa ukucha. Ukilipasua katikati unakuta ua limeshaundwa mle ndani, petali na vyote, dogo la kuangaliwa kwa macho makali. Linachongoja ni baridi. Lisipopata wiki kumi na mbili au zaidi za baridi, shina halirefuki inavyotakiwa. Kwa hiyo majira haya ya baridi ambayo sisi tuliotoka kwenye jua tunayalalamikia kila mwaka, kwa tulipu ndiyo kazi yenyewe.

Mama yuko Arumeru, na kwao sasa ni masika. Nilipomtumia picha akanipigia hapo hapo. "Mazuri sana, mwanangu. Lakini mnayala?"

Nikamwambia: walishayala, Mama.

Habari hiyo niliipata kwa babu mwenye kiwanja kinachopakana na chetu. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, Wajerumani walipozuia chakula kuingia magharibi mwa nchi, mafuta na makaa nayo yakaisha, na watu zaidi ya 20,000 wakafa kwa njaa na baridi. Maghala ya wakulima wa maua yalikuwa yamejaa matunguu ambayo hayakupandwa kwa sababu ya vita. Mama yake alikuwa akiyapasua, anatoa kile kiini cha njano cha katikati kwa sababu kina sumu, kisha anayachemsha na kuyaponda. Babu anasema yalikuwa makavu mdomoni, kama unga usioiva. Mtu huyo huyo, kila vuli, anapanda tulipu mstari mzima kando ya viazi vyake. Mama aliposikia hayo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nimepanda ngapi.

Nimewapa maua theluthi ya kiwanja, na wapo wanaoniambia ni anasa, ningepanda sukuma. Sikubaliani nao. Mwezi Machi ardhi hii haina kitu cha kumlisha nyuki zaidi ya krokasi na wenzake, na nyuki hao hao ndio nitakaowahitaji kwenye maboga mwezi Julai. Lakini hata bila nyuki ningepanda. Baada ya miezi ya kiza, mtu anahitaji rangi.

Ugumu wa kweli unakuja ua likishanyauka. Unavunja kichwa chake ili tunguu lisipoteze nguvu kutengeneza mbegu, ila majani huyagusi. Yanakaa wiki sita hivi, yanageuka njano, yanalala ovyo, na wakati wote huo yanarudisha chakula chini kwa ajili ya ua la mwakani. Hapo hapo mchicha unataka ardhi. Mimi nachomeka miche katikati ya majani yanayokufa, na kufikia mwisho wa Juni mchicha umeshafunika kila kitu.

Mbegu za mchicha nanunua kwenye duka la Wasuriname, ambao huuita klaroen na kuupika karibu kama sisi. Za nyumbani huwezi kuzitia tu kwenye begi: tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea hata kwa pakiti ya abiria. Sheria hiyo naiona ya haki, maana ugonjwa wa mimea hausafiri na pasipoti. Lakini roho inauma, kwa sababu nje kidogo ya Arusha, pale kituo cha utafiti wa mboga cha Tengeru, zimetoka aina ambazo ningependa sana kuziona hapa: mnavu wa Nduruma na Olevolosi, mchicha wa Madiira, ngogwe za DB3. Mama alihamia nyanya za Tanya na Tengeru 97 zamani, kwa kuwa ni ngumu na zinafika sokoni kwenye tenga bila kupasuka.

Aina mpya ninazojaribu mimi mwaka huu nimezichagua kwa adui mmoja, bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu wa viazi na nyanya. Ukungu huo ndio ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845, na mvua za huku unazipenda sana. Viazi nimeweka Carolus, vyenye macho mekundu, aina ya Kiholanzi inayostahimili ugonjwa huo. Nyanya ni Crimson Crush ya Uingereza, iliyounganishiwa kinga mbili za ukungu kwa kuzalisha kwa kawaida. Kwangu mimi mche unaojilinda wenyewe ni bora kuliko pampu ya dawa mgongoni, hata kama tunda lake litazidiwa utamu kidogo na zile za zamani.

Viazi vimeshaingia ardhini. Kwa vuli nimeagiza tulipu ndogo za porini, zile fupi zinazorudi kila mwaka zenyewe, badala ya zile kubwa zinazochoka baada ya msimu mmoja. Mama ametaka picha ya kila aina, na amesema safari hii nimpigie kabla sijavunja vichwa.