Bati la mwanga la bibi

Nyumba ya bibi pale Majengo ni zile nyumba zetu za Kiswahili, korido ndefu katikati, vyumba huku na huku, ukiingia saa sita mchana lazima usimame kwanza macho yazoee giza, na stima ikipotea ndo kabisa. Sasa 2022, Ramadhani imekaribia, mimi na binamu yangu tukanunua bati la plastiki, lile la kupitisha mwanga, tukang'oa bati moja juu ya korido tukaweka hilo. Fundi hatukuita, tulijiona tunajua. Misumari tukagonga hivyo hivyo bila kutoboa kwanza, mmoja ukapasua plastiki, tukapaka silikoni tukashuka.

Siku za mwanzo raha tupu, bibi anachagua mchele koridoni bila taa. Ikaja masika, Aprili, tuko mkekani tunakula daku, maji yakaanza to, to, mpaka kwenye sahani ya maharagwe. Binamu akasema ni ule ufa tu. Bibi kimya, anamulika juu na tochi, mwisho akaniuliza, "Mjukuu wangu, hili bati kichwa chake mmekiweka juu ya mwenziwe ama chini yake?"

Nkamwambia juu.

Alicheka huyo! "Hata makuti hujaona yakiezekwa? Huanzwa chini, ya juu ndo hulalia ya chini. Nyinyi mmeyafungulia maji mlango."

Na ndivyo, maji ya bati la juu yalikuwa yanateremka moja kwa moja chini ya plastiki yetu. Mvua ilipotulia tukapanda tena, na saumu zetu, tumelaza ubao wa kukanyaga maana plastiki haibebi mtu. Kulitoa likazidi kupasuka, ikabidi tununue jingine, na hiyo ilikuwa pesa yangu ya kanzu ya Idi. Safari hii kichwa tukakichomeka chini ya bati la juu kama inchi sita hivi, matundu tukatoboa na drili, mapana kidogo kuliko msumari kwa sababu plastiki hutanuka na jua, tukapiga misumari ya washa za raba kwenye mgongo wa bati, sio bondeni maji yanakopita.

Usiku ikanyesha ya nguvu, hata tone. Asubuhi bibi akasimama katikati ya korido, akatazama juu, akatazama kuta.

"Kumbe kuta zenyewe chafu hivi? Kesho njooni na chokaa."